Mwamazoni katika Vitabu vya Katuni: Maana na Asili Yake

Mwamazoni ni jina ambalo Wagiriki wa kale walimpa mwanamke wa taifa la wapiganaji wasiotawaliwa na wanaume, taifa ambalo masimulizi yao yaliliweka Themiskyra, kando ya mto Thermodon, kusini mwa Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Katika vitabu vya katuni jina hilo huwahusu hasa Wonder Woman, shujaa wa kike wa katuni za Kimarekani, na watu wa kwao, na humo maana yake imepinduliwa.

Wagiriki walikiri kwamba Mwamazoni ni hodari, lakini walimsimulia kama adui, ili sifa zimwendee aliyemshinda: shujaa Heracles (kwa Kirumi Hercules) anatumwa kuchukua mshipi wa malkia wao Hippolyta, na shujaa Achilles anamuua malkia mwingine, Penthesilea, vitani Troya. Mwanasaikolojia wa Marekani William Moulton Marston, aliyembuni Wonder Woman mwaka 1941, naye H. G. Peter akiwa mchoraji, alikichukua kisa cha mshipi na kukisimulia kwa upande wa wanawake walioporwa. Ndiyo maana katika hadithi zake bangili za Waamazoni ni ukumbusho wa utumwa waliotiwa na Hercules.

Nasaba nayo ilibadilika. Kwa Wagiriki, Ares, mungu wa vita, ndiye baba wa Waamazoni. Katika katuni yeye ni adui yao mkubwa, ingawa Marston alimwita Mars, kwa jina la Kirumi. Mlezi wao ni Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, ambaye katika masimulizi ya kale hakuwa na uhusiano wa pekee nao. Katika katuni Hippolyta anamfinyanga mtoto, yaani Wonder Woman, kwa udongo, na Aphrodite anampa uhai.

Mwaka 1987 mwandishi na mchoraji wa katuni George Pérez aliisimulia upya asili hiyo, na kwa maoni yangu hakuna aliyewatendea haki miungu wa kike kuliko yeye. Hakuwafanya warembo wa kupamba ukurasa, bali kila mmoja alikuwa na jambo lake la kumpa mtoto: Demeter nguvu za ardhi, Athena hekima, Artemis jicho la mwindaji, Hestia udugu na moto. Inasikitisha, basi, kwamba mwaka 2011 kampuni ya DC, inayochapisha katuni hizo, ilimfanya Wonder Woman kuwa binti wa Zeus, mfalme wa miungu, na uwezo ambao awali ulitoka hasa kwa mama na miungu wa kike ukahesabiwa kuwa urithi wa baba.