Treni na breki zake: yasemwayo Mkunguni na yaliyo kweli

Lamu hatuna reli. Lakini tangu mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uahidi kuileta, habari za treni hazikosi barazani Mkunguni baada ya alasiri, na waliopanda treni ya SGR kutoka Mombasa husikilizwa kama mahujaji. Mengi husemwa kwa uhakika. Mengine si kweli.

"Mtandao ukikatika, treni ya kompyuta itakwenda tu mpaka igonge." Hili ndilo linalotisha zaidi, nami naelewa kwa nini. Sisi watu wa bahari twajua: mashine ya boti ikizima, mkondo hukuchukua utakako na usikotaka. Treni imepangwa kinyume chake. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya saketi ya reli. Umeme mdogo hupita ndani ya reli zenyewe na kushikilia swichi ya sumaku mwisho wa kila kipande cha reli. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli huunganisha reli mbili, umeme haufiki, swichi huanguka, taa huwa nyekundu. Tazama uzuri wake: betri ikiisha au waya ukikatika, swichi huanguka vilevile. Kimya maana yake ni simama. Mifumo ya leo ya redio imeshika kanuni hiyohiyo: treni isipopata ruhusa mpya kwa muda uliowekwa, hujifunga breki. Hata breki za upepo ni hivyo, bomba likipasuka hukamata.

"Basi haiwezi kugonga." La, na hapa tusidanganyane. Tarehe 22 Juni 2009, mjini Washington, saketi moja ilishindwa kuiona treni iliyosimama. Treni ya nyuma, ikiendeshwa na mfumo, ikaigonga. Watu 9 wakafa. Mwaka 2005 huko Amagasaki, Japani, dereva aliingia kona ya kilomita 70 kwa saa akiwa na mwendo wa 116. Watu 107 walikufa, akiwemo yeye. Mtambo uliokuwapo kwenye kona ile haukuwa na uwezo wa kukagua mwendo. Kwangu mimi, kuuliza kama reli "ina kompyuta" hakutoshi. Niambie inakagua nini, na wapi.

"Ni teknolojia mpya, ya jana tu." La: Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, ya Tokyo hadi Osaka ilianza na mfumo wa kukagua mwendo mwaka 1964.

"Dereva hana kazi tena." Kulinda na kuendesha ni vitu viwili. Mfumo waweza kumlinda dereva asipite taa nyekundu huku usukani wote ukiwa wake. Kwenye Victoria line ya London, tangu 1968, treni hujiendesha baina ya vituo, lakini dereva yumo: hufunga milango, kisha hubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ndipo iondoke. Zisizo na dereva kabisa zipo pia. Jamaa zetu walio Dubai wazipanda tangu 2009, na huko nako wapo watu katika chumba cha udhibiti wanaozitazama zikienda.