Wakazi Wanapopinga Mgahawa wa Chipsi Mtaani: Hoja Ipi Ina Nguvu, na Itolewe Lini

Malalamiko kuhusu migahawa ya vyakula vya haraka hufika katika ofisi za mipangomiji, mara nyingi, yakiwa yamechelewa. Ukuta umeshapakwa rangi, majiko yameshawekwa, vijana wameshaajiriwa, na ndipo majirani wanapoleta barua yenye sahihi nyingi wakitaka biashara ifungwe. Kwa wakati huo mwenye mgahawa ameshazika mtaji wake hapo na leseni anayo mkononi, kwa hiyo kila upande unaona kwamba unaonewa. Mkazi wa Mtwara anayo haki ya kupinga, lakini haki hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuwa wakijenga bandari na reli kwa ajili ya mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga. Ndiyo maana Shangani ina viwanja vipana na barabara zenye nafasi, ilhali Majengo na Chikongola nyumba zimekaribiana, na duka na sebule hutenganishwa na ukuta mmoja. Baada ya ujio wa gesi na kiwanda cha saruji, nyumba kadhaa za makazi ziligeuzwa kuwa ofisi, nyumba za wageni na sehemu za chakula. Mji unaokua hauwezi kukwepa mabadiliko ya namna hiyo, na si kila badiliko ni kosa. Kosa ni kubadilisha bila kibali na bila majirani kusikilizwa.

Kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yaliyoandikwa. Kipo cha makazi peke yake, kipo cha makazi na biashara, kipo cha biashara. Mtu anayetaka kufungua mgahawa kwenye kiwanja cha makazi peke yake hana budi kuomba kubadilisha matumizi kwa mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na ombi hilo hutangazwa ili wenye hoja wazitoe. Huo ndio wakati wa mkazi kusema. Leseni ya biashara ni jambo jingine: inaruhusu kuuza, lakini haibadilishi matumizi ya ardhi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, unapoona mafundi wameanza kubomoa uzio wa jirani, ni kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uulize matumizi yake na kama kuna ombi lililopokelewa. Ikiwa kiwanja ni cha makazi na biashara tangu awali, kupinga mgahawa usiwepo kabisa kuna nafasi ndogo ya kufaulu, na nguvu ielekezwe kwenye masharti ya uendeshaji.

Hapo ndipo hoja nyingi za wakazi zinapokuwa na uzito kuliko wanavyodhani, hasa kuhusu mafuta na moshi. Mgahawa wa chipsi na kuku hutumia mafuta mengi, na yakishachoka hutafutiwa pa kumwagwa. Yakimwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto hupita, kisha hupoa ndani ya bomba na kuganda pamoja na mabaki ya unga na chakula. Yanayofika kwenye karo, yaani shimo la maji taka, huelea juu na kujenga tabaka zito, na mengine huziba vinyweleo vya udongo ambamo maji yangenyonywa. Karo lililokuwa likihudumia familia moja bila shida huanza kufurika, na kwa kuwa mvua zetu za kusini hunyesha kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, maji hayo machafu husambaa mpaka kwenye uwanja wa jirani na, penye kisima kifupi, mpaka kisimani. Dawa yake inajulikana na si ya gharama kubwa: chemba ya kunasa mafuta kati ya sinki na karo, inayosafishwa mara kwa mara, pamoja na madumu yenye vifuniko ya kuhifadhia mafuta yaliyotumika.

Moshi nao una kanuni yake, na mkazi wa pwani anaifahamu kuliko mtaalamu aliyesomea bara. Kusi inapovuma, kuanzia karibu Aprili, moshi wa jiko lililo upande wa kusini wa nyumba zenu utaingia madirishani jioni nzima. Kaskazi ikifika, wanaoteseka ni wa upande wa pili. Bomba la moshi linaloishia chini ya usawa wa paa la jirani halisaidii misimu yote miwili. Anayekagua mchoro aulizwe bomba litapanda hadi wapi na jiko litawekwa upande gani.

Kelele, maegesho ya bodaboda na saa za kufunga pia ni hoja halali, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele zinaruhusu kelele kidogo zaidi usiku kuliko mchana.

Hoja ya afya ya watoto inahitaji uangalifu. Wazazi wanaoogopa mgahawa wa vyakula vya kukaanga mbele ya lango la shule wana sababu ya kweli, kwa kuwa chumvi na mafuta mengi huchangia shinikizo la damu na unene uliozidi. Mpango wa jiji la London wa mwaka 2021 unazuia maduka mapya ya chakula cha moto cha kubeba ndani ya mita 400 kutoka shuleni. Kwa upande mwingine, Los Angeles ilizuia mwaka 2008 migahawa mipya ya vyakula vya haraka isiyo ndani ya majengo ya pamoja na biashara nyingine katika sehemu yake ya kusini, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 hawakuona unene ukipungua, kwa kuwa migahawa ya zamani iliendelea na mingine iliingia kwenye majengo ya pamoja. Kwa maoni yangu, hoja hii ipelekwe hasa pale mpango wa kata unapoandaliwa, ambapo eneo la kuzunguka shule linaweza kuwekewa utaratibu kwa wafanyabiashara wote. Kuielekeza kwa mwekezaji mmoja huku mwingine akiuza chipsi zile zile hatua chache mbele ni kukosa haki.

Haki hiyo hiyo inatudai tuwakumbuke akina mama wanaokaanga mihogo na samaki barazani jioni. Pingamizi lililoandikwa ovyo, linalosema tu kwamba “moshi wa chakula ni kero”, linaweza kuwageukia wao kabla ya kumfikia mwenye mgahawa mkubwa. Vilevile, barua inayosema mwenye biashara ni mtu wa kuja haina thamani mbele ya sheria, na inawavunjia heshima waliotia sahihi.

Barua yenye nguvu husomeka hivi: “Kiwanja hiki ni cha makazi, jiko limechorwa mita mbili kutoka dirisha la chumba cha kulala cha jirani, mchoro hauoneshi chemba ya mafuta, hakuna maegesho.” Ijadiliwe kwanza katika mkutano wa mtaa ili iingie kwenye muhtasari, kisha nakala ipelekwe kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ombi likikubaliwa kwa masharti, wakazi waombe masharti hayo kwa maandishi na nakala ibaki ofisi ya mtaa. Ofisa afya wa kata ana mamlaka chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 kukagua jiko, maji taka na hati za upimaji wa afya za wapishi, na mkazi anayempigia simu akitaja sharti mahususi lililovunjwa na tarehe yake humrahisishia kazi ya kuandika ilani siku hiyo hiyo.