Je, wajua bomba la majitaka lililovunjika chini ya ardhi hugunduliwaje bila kuchimba mtaa mzima?

Tarehe 22 Februari 2011, tetemeko lilipiga jiji la Christchurch, New Zealand, likaua watu 185. Majengo yaliyoporomoka kila mtu aliyaona. Mabomba ya majitaka hayakuonekana, ila wakazi wa mitaa ya mashariki walijua yameharibika pale choo kilipogoma kushusha maji. Maelfu ya familia walibaki kutumia vyoo vya muda kwa miezi, na wapo waliochimba shimo bustanini.

Chanzo ni udongo. Sehemu kubwa ya jiji hilo imekaa juu ya mchanga laini, na maji ya ardhini yako karibu sana. Mchanga uliolowa ukitikiswa hupoteza nguvu, ukawa kama uji. Bomba lililolala humo huzama hapa na kuinuka pale, viungio vikaachia na mchanga ukaingia. Chemba nyingine, kwa kuwa ndani zina hewa, ziliibuka kama maboya. Tena bomba la kawaida la majitaka linategemea mteremko tu: hata lisipopasuka, likibonyea kidogo katikati, uchafu hutuama hapohapo.

Njia ya uhakika ya kulichunguza ni kamera. Bomba husafishwa kwanza kwa maji yenye shinikizo kali, kisha kigari chenye taa na kamera huteremshwa kupitia chemba. Fundi aliye juu barabarani hukodolea skrini macho, akiandika kila kasoro na umbali wake kutoka kwenye chemba: ufa, kiungio kilichoachana, maji yanayochuruzika kutoka nje. Akikuta mizizi minene imejaa ufani, anajua ufa ule ulikuwepo kabla ya tetemeko. Kazi hiyo ni ya polepole na ghali, na mabomba yaliyoharibika yalikuwa mamia ya kilomita.

Ndipo takwimu zikaokoa muda. SCIRT, muungano wa serikali, halmashauri ya jiji na kampuni tano za ujenzi, ulilinganisha mabomba yaliyokwisha kupigwa picha: yametengenezwa kwa nini, yana umri gani, na ardhi ya pale iligeuka uji kiasi gani. Yale ya udongo wa kuchoma na ya saruji yaliumia kuliko ya plastiki. Kutokana na hayo, waliweza kukadiria hali ya bomba ambalo kamera haijalifikia, wakajua pa kuipeleka kwanza.

Pampu zinazosukuma majitaka nazo zina ushahidi wao, na mimi huu ndio unaonivutia zaidi. Saa nane usiku watu wamelala, majitaka yanapaswa kuwa machache. Ikiwa mvua haijanyesha na pampu bado inasukuma maji mengi, basi maji ya ardhini yanaingia kupitia nyufa za mtaa ule.

Si kila kilichovunjika kilirudishwa kama kilivyokuwa. Wakazi wa mitaa ya Aranui na Shirley, ambako ardhi ilikuwa dhaifu mno kwa mabomba ya mteremko, waliwekewa mfumo wa kufyonza: majitaka ya nyumba kadhaa hukusanyika kwenye chemba ndogo, ikijaa vali hufunguka, na kituo cha mtaa huyavuta kwa ombwe kupitia mabomba membamba ya plastiki ambayo hayahitaji kulazwa chini sana.