Kuni mbichi na jiko lisilo na dirisha

Tabora mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo mafiga huhama kutoka uani na kuingia ndani. Kuni nazo zimeloa. Huu ndio msimu wa kuogopa moshi.

Kuni mbichi hula moto wake zenyewe: joto hukausha kwanza maji yaliyomo, mti hauungui wote, na kisichoungua hutoka kama moshi. Humo mna chembechembe zisizofika mikromita 2.5, unene wa unywele ni takriban mara 30 ya hapo. Pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine hupenya kwenye damu. Ndiyo maana madhara hayaishii kwenye kikohozi na macho mekundu. Kuna kiharusi, magonjwa ya moyo, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Wazee wetu husema moshi hufukuza mbu na mchwa wa paa. Sibishi, lakini kwa mbu tuna chandarua.

Akina baba, hili ni lenu pia, kwani ninyi ndio mnaojenga jiko mwisho na kusahau dirisha. Toboeni matundu juu ya ukuta, pande mbili zinazoelekeana. Kuni zikatwe na kupasuliwa kiangazi, zipangwe chini ya paa. Zilizokauka zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Jiko banifu lenye bomba husaidia, na maharage yaliyolowekwa usiku huiva upesi. Gesi ni bora zaidi. Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, ila mtungi ukiisha na hela haipo, mafiga hurudi. Basi kuni kavu ziwepo.

Mkaa hautoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kwa baridi ya Julai.

Mtoto anayebebwa mgongoni wakati wa kupika yuko kwenye hatari kubwa ya nimonia. Akikohoa, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 4, au kifua kikibonyea anapovuta hewa, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Wa chini ya miezi 2 asisubiri kuhesabiwa.