Ufafanuzi kwa Umma: Mabadiliko ya Vinasaba Katika Titi Lenye Afya na Nafasi ya Uzazi

Kila Oktoba, kampeni ya saratani ya matiti inapoanza, kliniki hupokea swali moja kwa sura mbili: mama aliyezaa watoto sita huuliza kwa nini aandikiwe kipimo ilhali wote amewanyonyesha, na dada asiye na mtoto huuliza kama amekwisha kuhukumiwa. Maswali yote mawili yamejengwa juu ya taarifa iliyo kweli kwa sehemu, kwamba kuzaa na kunyonyesha hukinga saratani hiyo, na sehemu isiyo kweli ndiyo inayowachelewesha watu nyumbani.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, wakiongozwa na Seishi Ogawa, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya seli za matiti, zikiwemo seli zisizo na ugonjwa wowote. Walikuta kwamba seli ya kawaida hulimbikiza mabadiliko yapatayo 20 kila mwaka hadi hedhi inapokoma, na baada ya hapo kasi hushuka hadi takriban 8. Mwanamke wa makamo mwenye matiti salama kabisa, basi, hubeba mamia ya mabadiliko katika kila seli, na karibu yote hayana madhara. Hayo yasichanganywe na kasoro za kurithi za BRCA1 na BRCA2, jeni zinazohusishwa na saratani ya matiti, ambazo mtu huzaliwa nazo.

Kuhusu uzazi, uchunguzi huo ulionyesha kwamba kila mtoto aliyezaliwa alihusishwa na upungufu wa mabadiliko takriban 55 kwa kila seli. Mimba haifuti kilichokwisha kuandikwa. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba wakati wa ujauzito tishu hujengwa upya kutokana na seli zilizokuwa na mabadiliko machache. Hata hivyo, katika baadhi ya saratani, hitilafu ya kuungana kwa kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) ya 1 na ya 16 ilikadiriwa kuanza tangu kubalehe hadi mwishoni mwa ujana, yaani mara nyingi kabla ya mimba ya kwanza.

Takwimu za jumla zinaafikiana na picha hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2002 wa tafiti 47 kutoka nchi 30 ulikadiria kwamba hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa asilimia 7 kwa kila uzazi, na kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Kupungua si kuisha. Zaidi ya hayo, uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, hufikia kilele baada ya miaka 5 hivi, na faida huonekana baada ya miaka zaidi ya 20. Kwa hiyo mama anayenyonyesha mwenye uvimbe usiopungua hata baada ya ziwa kukamuliwa asiambiwe na jirani, wala na mhudumu, kwamba ni maziwa yameganda tu. Asiyezaa naye hana hukumu yoyote: wengi wao hawaugui kamwe.

Anayeona uvimbe mpya, damu kwenye chuchu, chuchu iliyoingia ndani ghafla au ngozi iliyokunjamana aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe barua ya rufaa, na aende na kadi yake na majibu yote ya zamani, hata ya kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasound) cha miaka iliyopita. Akichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha titi cha kupimwa maabara, mhudumu ahakikishe chombo kina formalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10 yenye ujazo mara 10 ya kinyama chenyewe. Jina, umri na upande wa titi viandikwe kwenye mwili wa chombo, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Saa ya kuchukuliwa iandikwe kwenye fomu, kwani kinyama kilichokaa muda mrefu bila formalini hutoa majibu yasiyoaminika ya vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni), na mgonjwa hulazimika kurudia.

Wanaouza dawa za “kusafisha vinasaba” wakumbushwe kwamba nchini Tanzania kutoa tiba asili bila kusajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Hakuna dawa ya kunywa inayoondoa mabadiliko hayo, na majani yanayobandikwa juu ya kidonda huficha ngozi ambayo daktari anahitaji kuiona.