Je, ni haki kumfuga mkunga mkubwa nyumbani? Ufafanuzi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Nyanda za Juu Kusini

Matangi ya samaki wa mapambo si jambo geni tena katika hoteli, saluni na sebule za Mbeya, Iringa, Njombe na Mafinga, na baadhi ya wafugaji waliozoea samaki wadogo sasa wanatamani kufuga mkunga, samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Kwa kawaida huuliza kuhusu ukubwa wa tangi, chakula na joto la maji. Hayo ni maswali ya msingi, lakini yanatanguliwa na jingine ambalo muuzaji hana sababu ya kuliuliza: je, ni haki kumweka mnyama wa namna hii ndani ya kioo kwa ajili ya kutazamwa?

Msimamo wetu ni kwamba mkunga mkubwa anayewinda hafai kufugwa nyumbani, na sababu kuu ni ile ile inayowafanya watu waamini kwamba anafugika kwa urahisi, yaani ustahimilivu wake. Anaweza kukaa wiki nyingi bila kula, na anavumilia maji machafu ambayo yangewaua samaki wengine mapema, kwa hiyo mwenye tangi humwona yuko hai na kuhitimisha kwamba yuko salama. Huko Helsingborg, Sweden, alikuwako mkunga wa mtoni aliyekufa mwaka 1948, ambaye inasimuliwa kwamba aliishi zaidi ya miaka 80, muda mwingi akiwa kwenye tangi. Wengi huusimulia umri huo kama ushahidi wa matunzo mema. Sisi tunauona tofauti, kwa sababu mikunga wa mtoni huzaa mara moja tu maishani, tena baharini, na asiyepata njia ya kwenda huko huweza kuahirisha ukomavu wake kwa miaka mingi. Kwa hiyo miaka ile 80 haitoshi kuthibitisha kwamba mnyama yule aliishi vizuri.

Habari hii inatugusa moja kwa moja, kwa kuwa mikunga wa mtoni wamo katika mfumo wa Mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu ni tawi lake kubwa linaloanzia katika milima yetu. Hutagwa katika Bahari ya Hindi, na wataalamu wanaamini kwamba mazalia yao yako mashariki ya Madagaska. Mabuu wao, ambao ni bapa na wanapitisha mwanga, husafirishwa na mikondo ya bahari hadi pwani, kisha wakiwa wembamba kama uzi mnene hupanda mito na kukulia huko kwa miaka. Wakikomaa, macho yao hukua, utumbo husinyaa, huacha kula na kuteremka kurudi baharini. Mkunga anayefikia hatua hiyo ndani ya tangi huzunguka ukingoni usiku kucha, akisukuma pua kwenye pembe za kioo mpaka ngozi inachubuka. Mfuniko ukiwa na upenyo hutoka, na asubuhi hukutwa amekaukia nyuma ya kabati. Mabwawa ya umeme kama Kidatu, lililoanza kazi mwaka 1975, tayari yamewawekea kizuizi njiani, na tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka baadhi ya miezi ya kiangazi. Kumtoa mtoni mkunga aliyenusurika na yote hayo ili apambe ukumbi wa baa ni kumnyima nafasi yake moja ya kuzaa.

Mikunga wa baharini, wale wa miamba ya matumbawe, ndio wanaotafutwa zaidi kwa ajili ya mapambo. Aliye mkubwa kuliko wote kwa uzito katika kundi hilo, ambaye anapatikana pia katika pwani yetu, hufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 30. Tangi la kawaida la nyumbani lina urefu wa mita 1.2. Anayeuzwa akiwa na unene wa kidole hatabaki hivyo, na karibu wote wanaouzwa wametolewa baharini, kwa kuwa kuwazalisha kwenye matangi ni jambo lililoshindikana isipokuwa kwa nadra mno.

Tena huyu si kiumbe mjinga anayesubiri kulishwa tu. Katika Bahari ya Shamu, watafiti wakiongozwa na Redouan Bshary walieleza mwaka 2006 jinsi samaki aitwaye chewa anavyokwenda kwenye pango la mkunga na kutikisa kichwa mbele yake, kisha wawili hao wakatoka pamoja kuwinda, mkunga akipenya kwenye nyufa na chewa akisubiri nje. Mnyama mwenye uwezo wa kushirikiana na samaki wa aina nyingine namna hiyo anapoteza mengi anapofungiwa peke yake kwenye kioo kitupu chenye taa kali, wakati maumbile yake ni ya kujificha mchana na kutembea usiku.

Hapa kwetu kuna tatizo la ziada ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani hailitaji. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam, na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji ya joto lile lile hupungua kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko yasiyo na chumvi, na maji ya vuguvugu kidogo kuliko ya ubaridi, ilhali mkunga wa bahari anahitaji chumvi na joto la nyuzi 24 hadi 27 kwa pamoja. Usiku wa Juni au Julai, baridi inaposhuka chini ya nyuzi 10 na umeme ukakatika, hita na pampu ya hewa huzimika kwa wakati mmoja. Mkunga hufumbua na kufumba kinywa kwa kawaida ili kupitisha maji kwenye matamvua, lakini saa kama hiyo atafanya hivyo kwa haraka na kwa nguvu. Wageni hudhani anatisha watu, kumbe anatafuta pumzi.

Kuhusu chakula, itoshe kusema kwamba kumtupia samaki hai ili watu washangilie ni ukatili kwa samaki huyo asiye na pa kukimbilia, na kwamba baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 hata wakiwa wamegandishwa, hivyo kulisha aina moja kila siku humdhoofisha mkunga polepole. Aidha, watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha mwaka 2007 kwamba mkunga wa miamba ana taya la pili kooni linalosogea mbele na kuvuta windo ndani. Mtoto akiingiza mkono kwenye tangi, kuunasua si kazi ndogo.

Tunaelewa hoja ya wanaosema kwamba watoto wa Tukuyu au Makambako nao wana haki ya kuona viumbe wa baharini. Ni hoja nzuri, na jibu lake ni vituo vya umma vyenye matangi makubwa na wataalamu wa kudumu. Kwa nyumbani, mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, waliozalishwa kwenye matangi wanatosha sana. Aina nyingi hazizidi sentimita 12, zina rangi za kuvutia, na jike huatamia mayai kinywani mbele ya macho ya watoto.

Kwa ambaye tayari anaye mkunga, ombi letu la kwanza ni asimwachie mtoni wala ziwani. Historia ya sangara, samaki mgeni aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria na kuwamaliza wengi wa asili, inajulikana, na katika kanda yetu tunalo Ziwa Kisiba, wilayani Rungwe, ziwa dogo la volkano ambamo utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha samaki wa asili moja wakiwa katika hatua za kugawanyika kuwa aina mbili. Mwindaji mmoja mgeni, au vimelea alivyobeba, vinaweza kuvuruga mahali kama hapo. Afunge mfuniko kwa uzito, aweke mabomba mapana ya kujificha, apunguze mwanga, na awe na pampu ya betri. Kisha aende kwa afisa uvuvi wa halmashauri yake akiwa na picha ya mkunga na vipimo vya tangi, ili atafutiwe mahali panapofaa. Pasipopatikana na hali ya mnyama ikiwa mbaya, daktari wa mifugo anaweza kumuua bila mateso kwa dozi kubwa ya dawa ya usingizi inayotokana na mafuta ya karafuu, kazi ambayo mfugaji asiijaribu mwenyewe.