Mwiba wa kwenye skrini si lazima uwe kwenye waya

Nimetumiwa tena picha ya skrini ya lojiki analaiza (kifaa cha kurekodi sifuri na moja za kwenye nyaya za saketi), mwiba mwembamba, yaani mruko wa ghafla, kwenye SCL (waya wa kloki wa I2C, njia ya nyaya mbili ambayo chipu huwasiliana) umezungushiwa duara jekundu, na swali lile lile: "Fundi, chipu imekufa, nibadilishe?" Usibadilishe kitu. Analaiza haikuonyeshi signali. Inakuonyesha sifuri na moja ilizookota kwa vipindi, na ile mistari iliyosimama wima imechorwa na programu.

Chukua zile analaiza ndogo za chaneli 8, sampuli milioni 24 kwa sekunde, ambazo wengi wetu tunazo. Kati ya sampuli na sampuli kuna nanosekunde 42 hivi. Nusu ya mzunguko wa kloki (mapigo ya kuendesha mawasiliano) ya SPI, njia nyingine ya chipu kuwasiliana, ya megahezi 10 ni nanosekunde 50, kwa hiyo huangukiwa na sampuli moja, mara chache mbili. Kwenye skrini kloki itaonekana inachechemea. Haichechemei! Kusoma data tu, nataka angalau sampuli 4 kwa mzunguko. Kupima muda, 10 na zaidi.

I2C ndiyo inayoniudhi zaidi. Laini zake hazisukumwi juu, zinavutwa na rezista, taratibu. Weka rezista ya kilo-om 10 na kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ya pikofaradi 100 ya nyaya ndefu: kupanda kutoka asilimia 30 hadi 70 ya volti kunachukua karibu nanosekunde 850, yaani sampuli 20. Kwa kilohezi 100 hilo linaruhusiwa, maana kikomo ni nanosekunde 1000. Kwa kilohezi 400 kikomo ni 300. Muda wote huo volti inajikongoja jirani na kizingiti, yaani volti inayotenganisha 0 na 1, na kelele kidogo ya graundi inaivusha na kuirudisha. Analaiza inaandika 0, 1, 0, 1. Dikoda, programu inayotafsiri mapigo kuwa baiti, inahesabu kloki ya ziada, baiti zinazofuata zinavurugika, lawama anabebeshwa sensa. Ilhali chipu ya I2C ya kilohezi 400 inatakiwa na viwango ipuuze miiba ya hadi nanosekunde 50. Analaiza yako haina kichujio hicho. Sensa na maikrokontrola zinaelewana vizuri kabisa, fujo iko kwenye kompyuta yako.

Ili kuupima mwiba, shusha sampuli kutoka milioni 24 hadi 12 kwa sekunde. Mwiba ukinenepa kutoka nanosekunde 42 hadi 83, upana huo ni wa analaiza. Hiyo haimaanishi mwiba haupo, ila upana wake huujui. Graundi iwe fupi, karibu na chipu. Signali za volti 1.8 angalia kwanza kizingiti cha kifaa chako.

Kuna nyakati nikichomeka tu nyaya za analaiza tatizo linatoweka, na siwezi kutofautisha kama ni kapasitansi yake au graundi niliyoongeza. Hapo natafuta osiloskopu, inayoonyesha volti yenyewe. Isipopatikana, kwenye laini ya I2C naweka rezista ya kuvuta juu ya kilo-om 2.2 badala ya ile ya 10 na kupima upya.